Klarifaya zinatapika tope kila mchana na mkandarasi anataka tujenge tangi la tatu, naombeni ushauri

Fundi_wa_Bondeni:

Wakuu habari za majukumu. Naombeni msaada maana nimekwama, na hapa nchini watu wa kuwauliza haya mambo ni wachache, sehemu nyingi wana mabwawa tu ya majitaka, ukimwambia mtu una tangi la hewa na klarifaya (tangi la kutulizia tope) anakuangalia tu usoni.

Mimi ni opareta wa mtambo wa majitaka huku pwani, Tanzania, tunahudumia nyumba za makazi na karakana kadhaa. Siku ya kawaida tunapokea kama kyubiki (mita za ujazo) 2,400. Maji yanapita kwenye chekeche na mtego wa mchanga, yanaingia tangi la hewa lenye kyubiki 1,600 ambapo bakteria wanakula uchafu, kisha kuna chemba ya mgao inayoyagawa kwenda klarifaya mbili za duara, tunaziita A na B. Kila moja ina kipenyo cha mita 12 na kina cha mita 2.8 pale pembeni. Tope linalotulia chini linarudishwa tangi la hewa na pampu ya kyubiki 60 kwa saa, ipo na nyingine kama hiyo ya akiba. Tope la ziada tunalimwaga kwenye vitanda vya kukaushia.

Sasa tangu masika ianze hatuna amani. Asubuhi maji yanatoka safi kabisa, ikifika saa saba saa nane mchana mabonge ya tope yanaanza kupanda juu na vipovu vidogo vidogo, halafu pampu mbili za kuingiza maji zikiwaka pamoja (kila moja inasukuma kyubiki 110 kwa saa) tangi A linatapika, yaani unaona wingu la kahawia linapanda ukutani na kuvuka bati la meno, lile la ukingoni ambalo maji safi yanavukia kutoka. Wiki jana sampuli ya mchana ilikuwa na TSS (chembe zilizomo kwenye maji) miligramu 240 kwa lita wakati kiwango chetu hapa ni 100, na BOD (oksijeni inayohitajika kuozesha uchafu uliobaki) inatakiwa isizidi 30. Chini yetu mita kama mia nne kuna kina mama wanalima mchicha na matembele, wanachota maji ya mto huo huo kumwagilia, mimi nawaona kila nikitoka zamu. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko barua ya mkaguzi.

Vipimo vya wiki hii: MLSS (tope lililomo kwenye maji ya tangi la hewa) miligramu 4,200 kwa lita, silinda ya lita moja baada ya nusu saa tope linasimama kwenye mililita 820. Oksijeni kwenye tangi la hewa ni kati ya 1.5 na 2.

Mkandarasi amekuja akaangalia nusu saa akasema matangi ni madogo, tujenge la tatu. Bosi anataka jibu langu ndani ya wiki mbili. Je ni kweli madogo? Kuna kitu naweza kufanya kabla ya kumwaga zege?

Kaka_Kemikali:

Pole mkuu. Hiyo 820 kwenye silinda ni tope lililovimba, bakteria wa nyuzinyuzi hao. Mwaga klorini kwenye bomba la tope linalorudi, na kwenye chemba ya mgao weka polima (dawa ya kushikanisha chembe) au hata shabu, utaona mabadiliko siku hiyo hiyo.

Mama_Maabara:

Kaka_Kemikali samahani mdogo wangu, hapo umekimbilia dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Klorini inafanya kazi kweli kama tatizo ni nyuzinyuzi, ila ukikosea kipimo unaua na wale bakteria wanaokula amonia, na wale kurudi kwao ni pole pole sana. Shabu nayo inaongeza tope, na mwenzetu tayari ana tope asilojua pa kulipeleka. Tuanze na hesabu kwanza.

Fundi, tangi la mita 12 lina eneo la uso kama mita za mraba 113, mawili ni 226. Gawa kyubiki 2,400 kwa 226 unapata kama kyubiki 10.6 kwa siku kwa kila mita ya mraba. Kwa mtambo kama wako ambao tope linakaa muda mrefu na hewa, vitabu vya usanifu vinatoa 8 hadi 16 kwa wastani, na saa za kilele 24 hadi 32. Zikiwaka pampu mbili una 220 kwa saa, ambayo ni kama 23 kwa siku kwa mita ya mraba. Upo ndani. Kwa maji peke yake matangi yako sio madogo.

Sasa upande wa tope. Saa ya kilele yanaingia maji 220 na tope linalorudi 60, jumla 280, kila kyubiki imebeba kilo 4.2, hiyo ni kilo 1,176 kwa saa kwenye mita za mraba 226, kama kilo 5.2 kwa saa kwa kila mita ya mraba. Kilele kinachovumilika ni kama 7. Tena umepona, LAKINI ni pale tu kama A na B wanagawana sawa. Na wewe umesema mwenyewe anayetapika ni A. Kwa nini B hatapiki? Hilo ndilo swali ambalo mkandarasi alitakiwa aulize.

Halafu hiyo 820 usiiamini hivi hivi. Gawa kwa 4.2 unapata SVI 195, yaani mililita ambazo gramu moja ya tope inachukua ikishatulia, inaonekana tope bovu, ila silinda ikiwa imejaa tope namna hiyo chembe zinabanana, zinashuka pole pole hata kama ni nzima, kama watu wanaotoka mlango mmoja. Chukua nusu lita ya maji ya tangi la hewa, nusu lita ya maji safi yanayotoka klarifaya (chota asubuhi), changanya taratibu, subiri nusu saa, halafu soma na uzidishe mara mbili. Na ile silinda ya kwanza usiimwage, iache masaa mawili uone kama tope linapanda lenyewe. Uniambie pia miezi mitatu iliyopita MLSS ilikuwa ngapi na mara ya mwisho kutoa tope la ziada ni lini.

Wa_Kisauni:

Fundi, mimi niko Mombasa, na nilianzia kazi kwenye mtambo wa bara wenye vichujio vya mawe, kule matangi ya mwisho yanapokea utando unaomeguka kwenye mawe, lakini shida ya mgao ni ile ile. Na huku kwetu Kenya kiwango cha TSS ni 30, kwa hivyo hatuna nafasi ya kuchezea.

Fanya hivi. Subiri pampu mbili ziwake, chukua rula, pima maji yamepanda sentimita ngapi juu ya ncha ya chini ya jino la bati kwenye A, kisha B. Zunguka tangi zima, pima pande nne. Usidharau milimita. Maji yanayopita kwenye jino la pembe tatu hayaongezeki sawasawa na kimo, yanaongezeka kwa kimo kikipandishwa kwa kipeo cha mbili na nusu, kwa hivyo tofauti ndogo ambayo jicho halioni inaweza kukupa maji mara mbili. Nimeona mtambo watu wamehangaika na kemikali mwaka mzima kumbe tangi moja lilizama upande mmoja kidogo baada ya kujengwa, maji yote yanakimbilia kona moja. Walilegeza boliti, wakapanga bati upya kwa levo ya maji, yaani ule mpira mwembamba wa wajenzi, kazi ya siku mbili.

Sugua na mwani pia. Mwani ukiziba meno upande wa jua, upande mwingine unabeba mzigo.

Jambo lingine na hili tafadhali sana: usije ukashawishika kukausha tangi masika hii ili ulikague. Maji ya ardhini yakiwa juu, tangi tupu linaweza kuinuliwa kama ngalawa au sakafu ikapasuka. Subiri kiangazi, au kama lazima basi hakikisha kwanza maji ya ardhini yako chini ya sakafu. Na anayepima ashike reli, avae jaketi la kuokolea, asiwe peke yake.

Na ulizia mapaa. Mvua ikinyesha nusu saa maji yakapanda ghafla, ujue kuna watu wameunganisha mifereji ya paa kwenye bomba la majitaka.

Fundi_wa_Bondeni:

Asanteni sana, yaani sijalala, nimepima kila kitu. Mama_Maabara shikamoo, nimefanya ulivyosema.

Silinda iliyochanganywa nusu kwa nusu imesimama 280, mara mbili ni 560. Ile nyingine niliyoiacha, baada ya kama saa moja na robo kipande kikubwa cha tope kilinyanyuka chote kikapanda juu kama mkate, na vipovu pembeni. MLSS mwezi wa kwanza ilikuwa 2,800. Tope la ziada ukweli ni kwamba hatujatoa kwa wiki saba, vitanda vyote vimejaa, mvua inanyesha juu yake kila siku hakikauki kitu, na gari la kubeba halifiki kwa sababu ya barabara.

Meno ya bati: pampu mbili zikiwaka A ni sentimita 3.5, B ni 2.7. B upande wa mashariki kuna mwani mzito. Pia lango la chemba ya mgao la upande wa B limekwama halifunguki lote, kutu.

Mama_Maabara:

Marahaba mwanangu, kazi nzuri, sasa tunaongea kitu kinachoonekana.

560 gawa kwa 4.2 ni 133. Kwa hiyo tope lako sio bovu, ni JINGI. Ungemwaga klorini ungeua tope zima bure.

Kile kipande kilichopanda kama mkate ni gesi ya naitrojeni. Joto la pwani bakteria wanabadilisha amonia kuwa nitrati vizuri tu, halafu tope likikaa sana chini ya klarifaya oksijeni inaisha, wale wengine wanachukua oksijeni iliyomo kwenye nitrati, inabaki gesi, vipovu vinanaswa ndani ya tope na kulinyanyua. Ndiyo maana inatokea mchana, joto limepanda na tope la asubuhi limeshakaa. Kwa hiyo tuna matatizo mawili, mabonge ya saa nane na wingu la pampu mbili, na yote yana mzizi mmoja: tope limelala chini ya tangi halitoki kwa wakati.

Angalia pampu yako ya kurudisha. Wastani wa maji ni 100 kwa saa, tope linalorudi 60. Kila saa tangi la hewa linapeleka kyubiki 160 zenye kilo 4.2, ni kilo 672. Ili pampu ya 60 izirudishe zote inabidi kila kyubiki ibebe kilo 11.2. Je tope lako linaweza kujibana hadi hapo? Kwa SVI 133 ndani ya nusu saa linajibana kama kilo 7.5 kwa kyubiki. Basi pampu inarudisha kama kilo 450 na mia mbili na kitu zinabaki chini kila saa, blanketi la tope (lile tabaka lililolala chini) linanenepa hadi libane zaidi au lipate pa kutokea, na pa kutokea ni juu ya bati.

Sasa rudisha MLSS 2,800 kama mwezi wa kwanza. Zinaingia kilo 448 kwa saa, na pampu ile ile ya 60 kwa 7.5 inarudisha 450. Umeona? Mtambo ulikuwa unapumua sawa sawa na pampu hiyo hiyo, na matangi hayo hayo. Hakuna kilichopungua kwenye klarifaya, kilichotokea ni kwamba vitanda vilijaa.

Kwa hiyo nikiwa mimi: leo hii washa pampu ya akiba ya kurudisha tope pamoja na ile nyingine mpaka blanketi lishuke, ujue tu hiyo ni huduma ya kwanza, ukirudisha tope kwa kasi hiyo siku zote unazidi kuvuruga tangi na kuongeza mzigo unaozunguka. Tafuta bomba la plastiki angavu la mita tatu na nusu, weka valvu ya mpira chini, lizamishe taratibu mpaka chini ulinyanyue, utaona blanketi lina kimo gani. Pima kila zamu, andika. Bila namba hiyo unaendesha gari usiku bila taa.

Halafu anza kutoa tope. Una kama kilo 6,700 kwenye tangi la hewa, unataka zibaki 4,500, ukitoa na lile linalozaliwa kila siku. Usitoe kwa fujo, usibadilishe zaidi ya asilimia kumi kwa siku, bakteria wa amonia wanazaana pole pole utawapoteza.

Fundi_wa_Bondeni:

Mama nitoe nilipeleke wapi na vitanda vimejaa? Ndio penyewe hapo.

Wa_Kisauni:

Hapo ndipo pesa ya tangi la tatu ingepaswa kwenda ndugu yangu. Ezeka vitanda. Nguzo za bomba na mabati ya plastiki angavu, pembeni wazi upepo upite. Kitanda kikipata mvua kila siku hakikauki hata ukikisubiri miezi mitatu. Kwa sasa, kodisha gari la kunyonya majitaka lipeleke tope kwenye mabwawa ya mamlaka yenu ya maji, ila kwa kibali cha maandishi na kwa kiasi walichokubali, usimwage usiku usiku. Na pale kwenye vitanda ndipo polima inapolipa, ukichanganya kidogo kwenye tope kabla ya kumwaga maji yanachujika haraka mchangani. Kaka_Kemikali hakukosea dawa, alikosea mahali pa kuiweka.

Kaka_Kemikali:

Nakubali mkuu, nilitazama 820 tu. Hicho kipimo cha kuchanganya nusu kwa nusu sikuwahi kukifanya, nitakianza kwetu.

Mswahili_Muscat:

Salaam alaikum. Nimesoma tangu mwanzo. Niko Oman mwaka wa tisa kwenye mitambo ya majitaka, huku maji yakishasafishwa yanamwagilia miti na majani ya barabarani, kwa hiyo yakitoka na tope vichujio vinaziba na watu wa bustani wanalalamika hapo hapo. Yote waliyosema wenzangu ni sahihi, mimi nataka mtazame kitu ambacho hakionekani kutoka juu.

Maji yanayotoka tangi la hewa ni mazito kuliko maji safi yaliyo ndani ya klarifaya, maana yamebeba tope. Yakiingia katikati hayasambai vizuri kama kwenye mchoro, yanadondoka chini kama maporomoko, yanagonga blanketi la tope, yanakimbia juu ya blanketi kuelekea ukutani, yakifika ukutani hayana pa kwenda yanapanda, na pale juu ya ukuta ndipo lilipo bati la meno. Fundi alisema mwenyewe kwamba wingu linapanda ukutani. Hiyo ndiyo alama yake. Tangi lina nafasi kubwa katikati ambayo maji wala hayapiti, ukipiga hesabu ya ujazo unaona masaa mengi kumbe maji mengine yanatoka baada ya dakika chache.

Tangi lako lina kina cha 2.8 na siku hizi klarifaya za aina hiyo zinajengwa kuanzia mita 3.5 kwenda juu. Kwa hiyo una kasoro moja ya kweli ya ujenzi, ufupi wa kwenda chini, blanketi likinenepa kidogo tu limeshakaribia njia ya huo mkondo.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni lile pipa la katikati linalozunguka mdomo wa kuingilia. Kazi yake ni kuua kasi ya maji na kuzipa chembe nafasi ya kushikana kabla ya kutoka. Likiwa jembamba sana au limetoboka, maji yanatoka kama risasi. Kwa kawaida upana wake ni kama theluthi ya kipenyo cha tangi, kwako hiyo ni karibu mita 4. Kagua lako. Ya pili ni bati la ukutani, linafungwa kuzunguka ukuta wote chini kidogo ya mdomo wa meno, limeinama nyuzi 45 kuelekea chini katikati ya tangi, mkondo unaopanda ukutani unalipiga unarudishwa katikati badala ya kuvuka. Wamarekani wanaliita bati la Stamford, kwa jina la mji wa Stamford kule Connecticut. Sisi tulilitengeneza kwa shiti za faiba na vyuma visivyoshika kutu, na tulilifunga bila kusimamisha mtambo mzima, tangi moja moja. Acha mianya midogo ili povu na gesi visinaswe chini yake, na liwe na mteremko mkali, likilala tope linalala juu yake.

Kuona mkondo tumia rangi ya fluoresini, mimina kwenye chemba ya mgao halafu chota sampuli pembeni kila dakika mbili, kina tofauti tofauti. Taarifu watu wa mazingira kwanza, mto ukibadilika rangi watu watashtuka.

Fundi_wa_Bondeni:

Rangi hiyo kuipata huku itachukua muda, naweza kutumia chumvi na kile kipima chumvi cha maabara?

Mswahili_Muscat:

Hapana kaka. Maji ya chumvi ni mazito, yatazama yenyewe na utaona mkondo ambao umeutengeneza wewe. Kama rangi hakuna, kwa kuanzia chukua machungwa. Chungwa linaelea likiwa limezama karibu lote, upepo haulisukumi kirahisi. Tupa kumi kuzunguka pipa la katikati uone yanaelekea wapi na kwa kasi gani. Litakupa habari za juu tu, ya chini hapana, ila kama maji yanavutwa upande mmoja utaona ndani ya robo saa.

Injinia_Kanda_ya_Kati:

Nitie neno dogo kwa ajili ya tangi la tatu, maana naona limehukumiwa bila wakili. Mmarekani Allen Hazen alionyesha mwaka 1904 kwamba uwezo wa tangi kutuliza chembe unategemea eneo la uso kuliko kina. Kwa chembe za mchanga hiyo inatosha. Kwa tope hai haitoshi, kwa sababu tope linahitaji na chumba cha kukaa chini kabla ya kurudishwa, hapo kina kina maana, kama ndugu wa Muscat alivyosema. Lakini swali la bosi wako lina upande mwingine: ukiwa na matangi mawili, siku moja likisimama kwa matengenezo la pili linabeba 2,400 peke yake, hiyo ni kama 21 kwa siku kwa mita ya mraba, juu ya ile 16 ya wastani. Na kama makazi yanaongezeka, miaka ijayo utalihitaji. Kwa hiyo usiandike kwamba tangi la tatu halihitajiki, andika kwamba halitatibu tatizo la sasa. Ukilijenga leo vitanda vikiwa vimejaa, litajaa tope nalo, na litatapika kama wenzake.

Na zile pampu za kuingiza, panga upya floti zake (yale maboya yanayoziwasha). Zisiwake pamoja. Moja iwake mapema na ikae muda mrefu, ya pili iingie kiwango cha juu tu. Mkipata inverta (kifaa cha kubadilisha kasi) ya pampu moja ndio bora zaidi, klarifaya inapenda maji yanayobadilika taratibu, ule mshtuko wa kutoka 110 kwenda 220 kwa sekunde tano ndio unaotibua blanketi.

Fundi_wa_Bondeni:

Wakuu nimerudi, ni wiki ya nne sasa, samahani kwa ukimya.

Tulianza na vya bure. Tulisugua mwani, lango la B tulilipiga mafuta na nyundo siku nzima likafunguka, tukasawazisha bati. Sasa pampu mbili zikiwaka A ni 3.1 na B ni 3.1, nimepima mara tatu sikuamini. Floti zimepangwa upya, siku bila mvua pampu ya pili inawaka asubuhi tu watu wakioga.

Machungwa niliyatupa. Yote upande wa kaskazini wa A yalikimbia kama yanafukuzwa, upande wa kusini yalizunguka hapo hapo. Nikashuka kuangalia pipa la katikati, lina tundu la kutu upande wa kaskazini linapita kichwa cha mtu, usawa wa maji, kwa juu lilikuwa limefichwa na povu. Tumelifunika kwa shiti na boliti kwa muda. Na kwenye B ile mipira ya mkono wa kukwangua imeisha kabisa, chuma kinapita juu ya tope hakilisukumi, hiyo inasubiri kiangazi kama mlivyonionya.

Tope: gari la kunyonya limebeba safari kumi na nane hadi jana, kwa kibali. Vitanda viwili kati ya sita vimeezekwa na cha kwanza kimeshakauka tumekizoa. MLSS imeshuka hadi 3,100. Blanketi lilikuwa mita 1.7 siku ya kwanza nilipolipima, sasa linacheza kwenye 0.6. Pampu ya akiba ya kurudisha nimeizima tangu Jumatatu. Mabonge ya saa nane yamekata siku ya tisa. TSS ya mchana juzi ilikuwa 38, na hiyo ni siku iliyonyesha.

Mapaa pia mlisema kweli, tumepita nyumba kwa nyumba na mjumbe wa mtaa, mifereji kumi na tatu imeunganishwa kwenye chemba zetu, tunaanza kuitoa.

Bosi amesoma hesabu ya Mama_Maabara, nilimwandikia kwenye karatasi moja. Tangi la tatu limesogezwa, pesa inaenda kwenye mapaa ya vitanda vinne vilivyobaki na inverta. Sasa nauliza la mwisho: lile bati la ukutani la nyuzi 45, nalifunga sasa hivi au nisubiri?

Mswahili_Muscat:

Alhamdulillah. Subiri kaka. Kiangazi ukishusha tangi A kubadilisha pipa, funga na bati siku hiyo hiyo, vyuma viwe vimeshakatwa na kutobolewa nje ili tangi lisikae tupu muda mrefu. Kabla ya hapo tafuta ile rangi upime, ili ujue bati limekuongezea nini na sio pipa jipya. Nitakutumia mchoro wa vishikio tulivyotumia.

Mama_Maabara:

38 siku ya mvua, hongera sana mwanangu. Endelea kupima blanketi kila zamu hata mambo yakiwa shwari, na MLSS usiishushe chini ya 2,800 kwa sasa, angalia amonia inayotoka kwanza. Hao kina mama wa mchicha nao, chukua sampuli ya maji pale wanapochota uipime vimelea, maana TSS ikishuka haina maana vijidudu vimekufa. Kama mna chemba ya klorini mwishoni ianze kufanya kazi yake sasa maji yakiwa angavu.

Fundi_wa_Bondeni:

Chemba ipo, ilikuwa imezimwa kwa sababu klorini yote ilikuwa inaliwa na tope. Naiwasha kesho asubuhi na sampuli ya pale kwa kina mama nachukua mwenyewe.